Picha moja, wiki nzima: jibu kwa mpiga picha wa Tanga

Swali nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Napiga picha za harusi na sendofu hapa Tanga, huu mwaka wa tatu. Kila ninayemuuliza ananiambia nisome kazi za wapiga picha wakubwa. Nimejaza simu kwa picha zao, zimefika mia tisa na zaidi, na kila usiku nazipitia kabla ya kulala. Lakini nikishika kamera, ama napiga vilevile kama jana, ama naiga kitu mpaka naona aibu mwenyewe. Hivi kusoma kazi ya mtu kunafanywaje hasa? Nianze na nani? Na je, lenzi yangu ni ya milimita 50, ninunue ya 85 kwanza?"

Marahaba mdogo wangu. La lenzi tuliweke pembeni, nitalirudia mwisho.

Hizo picha mia tisa ndizo zinazokukwamisha. Kuzipitia kitandani ni sawa na kukatiza soko la Ngamiani bila senti mfukoni: umeona kila kitu, umerudi nyumbani na harufu ya vitunguu. Jicho linapenda, kidole kinasukuma, usingizi unakuja. Kesho yake mbele ya bibi harusi kinachokujia ni ile hamu ya kupata "picha nzuri", na hamu haikuambii usimame wapi wala umgeuzie dirisha upande gani.

Chagua mtu mmoja. Kwake chagua picha moja, ukae nayo wiki nzima. Kwa kuwa kazi yako ni watu waliovaa wakapendeza na wanataka ionekane hivyo, ningekuanzishia na Seydou Keïta wa Bamako, Mali.

Keïta alikuwa fundi seremala. Kamera yake ya kwanza, Kodak Brownie, aliletewa kutoka Senegal na mzee wa ukoo wao mwaka 1935. Mwaka 1948 akafungua studio nyumbani, si mbali na stesheni ya reli, na kwa miaka kama kumi na minne hivi mji mzima ulipita mbele ya kamera yake: makarani, wafanyabiashara, mabibi na dhahabu zao, vijana waliokuja wawili wawili. Baada ya uhuru serikali ikamchukua awe mpiga picha wake, studio ikafungwa. Nje ya Mali hakujulikana mpaka miaka ya 1990. Picha zake zilionyeshwa New York mwaka 1991 bila jina la mpigaji, ndipo watu wakaenda Bamako kumtafuta. Mzee alikuwa bado hai, na maelfu ya negativu zake alikuwa amezihifadhi.

Sasa chukua ile picha yake ya mwanamke aliyejilaza, kiwiko chini, kichwa kimeegemea mkono. Utaipata haraka, ni maarufu. Chini yake kuna blanketi la drafti. Gauni lake lina nakshi. Nyuma yake pazia nalo lina nakshi. Mwalimu yeyote wa kamera atakwambia nguo ya nakshi usiipige mbele ya pazia la nakshi, mtu atapotea. Huyu hakupotea. Jicho linaenda moja kwa moja usoni, linashuka mkononi, linarudi usoni.

Kwa nini? Hilo ndilo la kukaa nalo wiki. Jibu langu, nililolipata baada ya kuitazama sana, ni kwamba katika fremu nzima ngozi ndiyo pekee isiyo na nakshi. Uso na mikono ni sehemu za kupumzika, na jicho lililochoshwa na maua na drafti linakimbilia hapo lenyewe. Huenda wewe ukaona jingine. Lakini ona tulivyofika: tumetoka kwenye "picha nzuri" na tumefika kwenye jambo unaloweza kulifanya Jumamosi.

Jinsi ya kukaa na picha, mimi hufanya hivi. Naitazama dakika kumi kamili, halafu nageuza simu na kuandika kwenye daftari kila ninachokumbuka. Mikono iko wapi? Kidevu kimeelekea wapi? Kona ya chini kushoto kuna nini? Jaribu, utashangaa: kona huikumbuki hata moja. Siku ya pili natafuta mwanga, na naanzia machoni. Ule mng'ao mweupe kwenye mboni ukiwa mpana, mwanga umetoka dirishani au mlangoni au kwenye anga zima. Ukiwa nukta kali, ni jua au flashi. Kisha nashuka puani. Kivuli cha pua kinaangukia wapi, na ukingo wake umekatika kama kwa wembe au umeyeyuka? Baada ya hapo urefu wa kamera: nikiona sana utosi na juu ya mabega, mpigaji alisimama juu, nikiona mikono iliyopakatwa mapajani iko usawa wangu, kamera ilishushwa kifuani au chini zaidi. Hiyo ndiyo kazi yenyewe ya kusoma. Inachosha, na ndiyo maana watu wanaona bora kupitia mia tisa.

Halafu uliza alikuwa na nini mkononi. Keïta alitumia kamera kubwa ya stendi, filamu ya sentimita 13 kwa 18, na picha ya mteja ilitoka kwa ukubwa uleule. Filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu. Mara moja! Kila kitu kilimalizwa kabla ya kubonyeza: bega limegeuzwa kidogo, vidole vimetandazwa ili pete ionekane, saa imetokezwa kwenye mkono wa shati. Asiye na saa aliazimwa, na studio ilikuwa na kalamu, redio, hata gari la Keïta mwenyewe, Peugeot 203, lililotumika kwenye picha nyingi. Ukirudi kwenye harusi uliyoipiga fremu elfu mbili, utajua mikono ya bibi harusi ilikuwa wapi kwenye ngapi kati ya hizo? Mimi zangu sikujua kwa miaka mingi.

Na pazia la kwanza lilikuwa shuka lake la kitandani, lenye nyuzinyuzi za pindo. Baada ya miaka miwili mitatu alibadilisha. Uzeeni, alipoulizwa picha fulani ni ya mwaka gani, alitazama pazia akajibu.

Hapo ndipo unaposimama na kuiga. Naam, kuiga, wala usione aibu, maadamu ni zoezi na humuuzii mtu. Mkalishe shangazi yako barazani, ndani kidogo ya kivuli, uso ukielekea nje kwenye uwazi. Nyuma yake tundika kanga. Weka simu kwenye nyeusi na nyeupe, kwa sababu rangi zitakudanganya: nyekundu na kijani zinazogombana mbele ya macho zinaweza kutoka kijivu kilekile, na hapo kitenge cha shangazi na kanga ya nyuma vinakuwa kitu kimoja. Sogeza, badilisha kanga, mpaka nguo itengane na pazia kwa weusi na weupe.

Kuna jambo moja ambalo Keïta hakuwa nalo na sisi tunalo. Kanga ina jina. Nilipofanya zoezi hili mara ya kwanza nilitundika kanga nzuri kabisa, mji mweupe, pindo jeusi, nikampiga mama mmoja jirani ametulia kama maji ya mtungini. Kila niliyemwonyesha alisoma maandishi ya kanga kwanza, akacheka, ndipo akamtazama mama wa watu. Jina lilikuwa limekaa juu kidogo ya bega lake kama kwamba yeye ndiye anayempiga mtu kijembe. Kunja kanga jina lifichike, au, ukiwa jasiri, chagua jina makusudi na uliache liseme. Hilo la pili ni wazo ambalo limezaliwa kwenye zoezi la kuiga, na Keïta hayumo tena. Ndivyo inavyokuwa ukiiga kwa umakini: kitu cha kwenu kinakataa kutoshea, na pale kinapokataa ndipo pa kuchimba.

Uliza mimi niliyeiga bila umakini. Nikiwa na miaka ishirini na kitu niliangukia picha za Irving Penn, Mmarekani aliyewapiga mafundi na wachuuzi wa Paris mwaka 1950 kwenye chumba cha ghorofa ya juu, nyuma yao pazia kuukuu la ukumbi wa maigizo, mwanga ukitoka kaskazini. Nikasoma mahali kwamba dirisha la kaskazini ndilo bora duniani. Basi, mwezi wa saba, Dar es Salaam, nikamweka bibi harusi kwenye dirisha la kaskazini. Jua likamwagika usoni kama taa ya gari, akakunja macho. Nikababaika, nikamrudisha ndani kwenye korido, upande mmoja wa uso ukabaki gizani kabisa, nikajiambia huo ndio usanii. Mama mzazi alipoona albamu aliuliza swali moja: "Mwanangu alikuwa anaolewa au anafiwa?" Salio la malipo sikulipata, na sikuwa na uso wa kulidai.

Kosa langu lilikuwa dogo na la kijinga. Paris iko mbali kaskazini ya ikweta, jua kwao hupita upande wa kusini, kwa hiyo dirisha la kaskazini hupata mwanga wa anga tu, laini, usiobadilika siku nzima. Sisi Tanga na Dar tuko kusini ya ikweta, karibu nayo. Kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita kaskazini yetu, kwa hiyo mwezi wa saba dirisha la Penn kwetu ni la kusini. Desemba na Januari ndipo mambo yanageuka, la kaskazini linatulia. Saa sita mchana ya Machi jua liko utosini na madirisha yote ni sawa, tafuta baraza. Penn alikuwa ametatua shida ya mwanga kwa chumba chake, mimi nikabeba jibu lake nikaacha shida. Tangu siku hiyo kila nikisoma mahali kwamba mtu fulani alifanya hivi, naangalia kwanza ramani.

Wenzetu wakubwa nao walijifunza kwa kutazama, na kuna kisa kimoja ninachokipenda kwa sababu kinaligusa jina la ziwa letu. Karibu na mwaka 1930 Martin Munkácsi, mpiga picha wa Hungaria aliyekuwa akifanyia kazi magazeti ya Ujerumani, alipiga wavulana watatu wa Kiafrika wakikimbilia majini. Wako uchi, migongo kwetu, weusi kama vivuli mbele ya povu jeupe. Mikono na miguu imepishana, na kati ya mwili na mwili kuna nafasi ndogo ya mwanga isiyozibika. Kwa miaka mingi maelezo yake yalisema ni Ziwa Tanganyika. Maelezo mengine yanasema Liberia, na nikiyatazama yale mawimbi naelekea kuamini Liberia, ingawa moyo unauma kidogo.

Kijana mmoja Mfaransa aliyekuwa akisomea uchoraji aliiona. Jina lake Henri Cartier-Bresson. Hadi uzeeni alisema picha hiyo ndiyo iliyomtoa na kamera barabarani. Mwaka 1932 alinunua kamera ya Leica yenye lenzi ya 50, na mwaka huohuo, nyuma ya stesheni ya Saint-Lazare huko Paris, aliingiza lenzi katikati ya mbao za uzio akampiga mtu anayeruka dimbwi, kisigino bado hakijagusa maji, kivuli chake chini kimetulia kama kioo. Ukutani nyuma kuna bango, na kwenye bango kuna mchezaji dansi anayeruka vilevile.

Ziweke hizo mbili kando kwa kando. Hakuna ufukwe, hakuna wavulana, hakuna Afrika. Mtu anayetafuta mwigo hataona chochote. Alichokichukua ni muda: ule upenyo mwembamba ambapo mwili, maji na nafasi vinapangika, kisha vinavunjika. Alichokiongeza ni bango, yaani mwangwi wa mrukaji kwa nyuma. Wewe kwenye harusi una muda kama huo mara hamsini, keki inapolishwa, mkono wa mkwe unapokaribia bega na haujafika. (Wanaomtukuza husema hakuwahi kukata kingo za picha baada ya kuipiga. Hii ya dimbwi aliikata, ubao wa uzio ulikuwa umeziba upande. Usinyanyaswe na sheria za watu.)

Wa kuiga waziwazi naye yupo, na alifanya vizuri: Gordon Parks, mpiga picha Mmarekani mweusi. Mwaka 1942 huko Washington alimsimamisha Ella Watson, mama mweusi aliyekuwa akifagia ofisi za serikali, mbele ya bendera ya Marekani, ufagio mkono huu, brashi ya kudekia upande ule. Mkao ule aliutoa kwenye mchoro wa Grant Wood wa 1930, wa mkulima Mzungu na uma wa kugeuzia nyasi, ambao kila Mmarekani aliujua. Aliiga ili watu waone nani amebadilishwa. Lakini kitu ambacho wengi hawakifikii ni kwamba aliendelea na mama huyo kwa wiki kadhaa, nyumbani kwake, kanisani, na wajukuu. Tafuta hizo nyingine, ndizo ninazozirudia zaidi.

Hizo za Parks ziko kwenye mtandao wa Library of Congress, maktaba ya Bunge la Marekani, bure, kwa ukubwa wa kutosha kuhesabu nyuzi za shati. Ukiwa hapo fungua na zile za Dorothea Lange, Mmarekani mwingine, za Machi 1936 kwenye kambi ya vibarua wa mashamba kule Nipomo, California. Kila mtu anaijua moja, mama ameshika shavu, watoto wamegeuza visogo. Wachache wametazama wenzake. Ya mbali ina hema zima na vitu chini. Lange anasogea, watoto wanapungua, anasogea tena, mpaka hema limebaki kuwa kitambaa tu nyuma ya kichwa. Pale unamwona mtu akifikiri kwa miguu. Hili hulipati kwenye picha moja moja za simuni, kwa sababu huko kila mtu anaweka ya mwisho tu na kuficha njia aliyopita. Mama yule, Florence Owens Thompson, hakuulizwa hata jina siku hiyo, na baadaye alisema wazi kwamba picha haikumpa kitu. Wateja wa Keïta walilipa wakaondoka na picha zao mkononi. Ukisoma kazi za watu, angalia na hilo pia.

Hukuniuliza kuhusu wa kwetu, nami nakushangaa. Ukivuka kwenda Unguja, pita Capital Art Studio, Barabara ya Kenyatta, Mji Mkongwe. Ilifunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, na kuta zake zimejaa Zanzibar ya kabla yetu. Lamu kulikuwa na mpiga picha Bakor, aliyekata picha na kuzibandika upya kwa mkasi zamani sana kabla ya programu yoyote ya kuhariri picha. Likoni, Mombasa, wapiga picha wa kivukoni miaka ya 1990 walijenga vibanda vyao kwa maua ya plastiki na mapambo ya kumetameta, na watu wa bara wakapigwa humo kama wako peponi.

Na kabla ya wote hao, omba albamu ya bibi yako. Zitoe picha kwenye vile vipembe vya karatasi, taratibu, na uzigeuze. Nyuma utakuta muhuri wa studio, pengine mtaa, pengine tarehe kwa kalamu ya wino. Panga zenye muhuri mmoja pamoja. Utaanza kulitambua pazia, kile kiti, ile stuli ya maua, na tabia ya yule mzee wa studio: huyu alipenda kuwageuza watu kushoto, huyu aliwaambia wasicheke. Ukiweza kumtambua mpigaji bila kugeuza picha, umeshajua kusoma.

Folda yako usiifute yote. Bakiza kumi na mbili. Ukishindwa kuchagua, bakiza zile zinazokuudhi kidogo kwa kutojua zilifanywaje, zile za kupendeza tu ziende.

Lenzi. Umesema unayo ya 50. Cartier-Bresson alifanya karibu maisha yake yote kwa urefu huo, na 85, inayovuta karibu zaidi, kwenye vyumba vyetu vya kumpambia bibi harusi itakubandika mgongo ukutani. Usinunue mwaka huu. Kwenye hiyo pesa toa kidogo, kachapishe picha zako kumi kwa sentimita 13 kwa 18, uzibandike ukutani jikoni ambako utaziona kila ukinywa chai. Ikifika mwisho wa mwezi, zile ambazo umechoka kuziona zitoe, uniandikie zimebaki ngapi.